Mtoto amebaki, wewe uko Kanada: namna ya kumleta kabla mwaka haujaisha

Familia nyingi zinazopelekwa Kanada kutoka kambi na makazi ya wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Kyangwali hufika na pengo. Mtoto mmoja alikuwa kwa bibi yake Uvira siku ya usajili, mwingine alipotezana na wenzake njiani akapatikana safari ikiwa imeshapangwa, mwingine yuko Bujumbura kwa baba yake. Mzazi anaambiwa "atakufuata baadaye", anapanda ndege, na hakuna anayemweleza kwamba hiyo baadaye ina tarehe ya mwisho.

Sheria ya uhamiaji ya Kanada inampa mkimbizi aliyeletwa na serikali, au na wadhamini kama kanisa au kikundi cha watu watano, mwaka mmoja tangu siku aliyopata ukaazi wa kudumu. Ndani ya mwaka huo anaweza kuomba mwenzi wake na watoto wake waliobaki wamfuate chini ya mpango uleule uliomleta yeye. Halipi ada ya maombi. Mtoto naye si lazima awe mkimbizi. Anaweza kuwa kambini, mjini Kampala bila kadi yoyote, au nyumbani Bukavu ndani ya nchi yake, na bado akastahili, kwa sababu haki yake inatokana na wewe mzazi.

Kuhesabu mwaka

Tafuta karatasi ya uthibitisho wa ukaazi wa kudumu, ile uliyosaini mbele ya afisa uwanja wa ndege. Ina tarehe uliyopata ukaazi. Ikiwa ni 14 Machi, ombi liwe limeshafika mikononi mwa IRCC, yaani wizara ya uhamiaji, kabla ya 14 Machi ya mwaka unaofuata. Kinachohesabiwa ni kufika, kwa hiyo bahasha iliyotumwa siku ya mwisho imechelewa. Kama ombi limepelekwa kwa barua pepe, hifadhi jibu la kupokelewa. Kama limepelekwa kwa posta, tumia huduma yenye namba ya kufuatilia na uweke risiti.

Tunasisitiza hili kwa sababu miezi minne ya kwanza huliwa yote na nyumba, kadi ya afya, shule ya lugha na baridi. Halafu miezi mingine sita inaliwa na kusubiri cheti cha kuzaliwa kutoka Kongo. Usisubiri hivyo. Fomu lazima zijazwe kikamilifu na kusainiwa, hapo hakuna mjadala. Lakini hati ambayo huwezi kuipata kwa wakati inaweza kuelezwa kwa barua: ni hati gani, umeiomba wapi, lini, na kwa nini haijatoka. Barua hiyo ina nafasi ya kusikilizwa, ombi lililofika baada ya mwaka halina.

Je, ulimtaja?

Hili ndilo swali linaloamua kila kitu. Utaratibu wa mwaka mmoja unamhusu mtoto uliyemtaja kwenye fomu zako kabla hujaondoka, yaani fomu kuu ya maombi, IMM 0008, na fomu zinazoambatana nayo, ukaandika kuwa ni mtoto wako ambaye hasafiri nawe. Kumtaja kwa mdomo kwa afisa wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, hakutoshi ikiwa jina halikuingia kwenye fomu za Kanada.

Kama hukumbuki kilichoandikwa, na wengi hawakumbuki kwa sababu fomu zilijazwa na mkalimani kwenye foleni, omba nakala ya faili lako. Kila mkaazi wa kudumu ana haki hiyo. Ombi linafanywa kwenye mtandao wa serikali: ukitumia Sheria ya Faragha hulipi chochote, ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa unalipa dola 5. Omba fomu zote ulizosaini pamoja na maelezo ya maafisa yaliyo kwenye kompyuta. Fanya hivyo mwezi wa kwanza, usisubiri wa kumi.

Ikiwa mtoto hakutajwa, usimwingize kimyakimya ukitumaini hakuna atakayelinganisha. Watalinganisha. Kanuni ya uhamiaji namba 117(9)(d) inamtoa kwenye familia mtu yeyote ambaye hakutajwa na kuchunguzwa mzazi alipokuwa anaomba. Mlango uliopo ni sera maalumu iliyoanza 9 Septemba 2019 kwa waliokuja kama wakimbizi, waliopewa hifadhi wakiwa ndani ya Kanada, au waliodhaminiwa kama mwenzi au mtoto. Ni sera ya muda ambayo imekuwa ikiongezwa, hivyo hakikisha bado inatumika siku unapopeleka ombi. Nje ya hapo kuna ombi la huruma chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya uhamiaji. Njia zote mbili zinataka maelezo ya kweli ya kwa nini mtoto hakutajwa: ulidhani amekufa, aliyekujazia fomu alikuambia waandikwe wanaosafiri tu, mtoto alizaliwa kwa kubakwa ukaogopa mumeo kujua. Maafisa wameshasikia sababu zote hizi. Wanachokataa ni hadithi inayobadilika kila ikisimuliwa.

Umri unagandishwa, ndoa haigandishwi

Mtoto anastahili akiwa chini ya miaka 22, hana mume wala mke, na haishi kinyumba na mtu. Umri wake unachukuliwa siku ombi lako wewe mzazi la ukimbizi lilipowasilishwa. Aliyekuwa na miaka 19 siku hiyo bado anahesabika hata kama leo ana 24, kwa hiyo usimpunguzie umri kwenye cheti, maana ukifanya hivyo unaharibu haki aliyo nayo tayari. Aliyepita 22 anaweza kustahili tu ikiwa anategemea wazazi kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa uliomwanza kabla ya umri huo.

Ndoa ni jambo jingine. Binti akiolewa wakati wa kusubiri, hata kwa mahari ya kimila bila cheti, au akikaa na mwanamume mwaka mmoja kama mke, ametoka. Zungumza naye mapema na kwa uwazi. Binti aliyezaa bila kuolewa bado ni mtoto wako kwa sheria hii, na kichanga chake kinaingia naye, mradi kinatajwa. Mimba au mtoto mpya asifichwe. Taarifa itumwe kwa ofisi ya viza mara moja.

Watoto wa kadi ya mgao

Hapa ndipo maombi mengi huharibika, na mara nyingi chanzo chake ni wema. Mtu alikimbia na watoto wa marehemu dada yake, akawaandikisha kambini kama wa kwake ili wapate chakula na wasitenganishwe. Au kinyume chake: mtoto wako wa kumzaa aliandikwa kwenye kadi ya shangazi yake kwa sababu wewe hukuwapo, na kadi inasema shangazi ni "mama".

Kwa mtoto wa kumzaa aliye kwenye kadi ya mwingine, anza na UNHCR ya eneo alipo. Mlezi aende na mtoto, aeleze uhusiano halisi na aombe rekodi irekebishwe. Chukua pia hati ya kiapo ya mlezi inayosema nani alimwandikisha, lini na kwa nini. Bila hivyo, afisa wa viza wa Kanada aliyeko Nairobi ataona mama wawili kwenye mafaili mawili na atasimamisha kila kitu.

Mtoto wa ndugu si mtoto wako kwa utaratibu huu, hata kama umemlea tangu ananyonya, isipokuwa umemuasili kisheria. Ukimwandika kama wa kumzaa na kipimo cha DNA kikakataa, linakuwa kosa la udanganyifu: kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5, na mtoto wako halisi aliye kwenye ombi hilohilo anaumia pia. Kwa yatima kuna njia yake halali. Mkaazi wa Kanada anaweza kumdhamini ndugu yake, mpwa au mjukuu ambaye wazazi wote wawili wamefariki, ana chini ya miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Vifo vya wazazi wote wawili lazima vithibitishwe kwa vyeti. Palipokosekana cheti, tafuta uamuzi wa mahakama, barua ya chifu au ya parokia, na ushahidi wa watu waliozika.

Fomu

Mzazi anajaza IMM 5578, ambayo ndiyo ombi la kushughulikia waliobaki chini ya utaratibu wa mwaka mmoja. Mtoto anajaziwa IMM 0008. Mwenye miaka 18 au zaidi anaongeza IMM 5669 ya historia yake na IMM 5406 ya orodha ya familia. Kama mtu mwingine atazungumza na wizara kwa niaba yako, awe analipwa au la, inahitajika IMM 5476. Pakua fomu mpya kutoka mtandao wa IRCC wiki unayotuma, kwa sababu toleo la zamani hurudishwa, na fuata anwani iliyo kwenye mwongozo siku hiyo. Waliokuja kwa udhamini wa kanisa au kikundi wawaarifu wadhamini wao mapema, kwa kuwa lazima wajulishwe na mara nyingi wataombwa kuongeza dhamana yao imguse na mtoto. Wanaoishi Montréal au Sherbrooke wana hatua ya ziada ya jimbo la Quebec, wasiiruke.

Majina ndiyo kazi ngumu. Kongo mtu ana jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo, na fomu ya Kanada ina visanduku viwili tu: jina la ukoo na majina mengine. Kwenye faili lako "Mwamba Kalonda Espérance" huenda umekuwa ukoo Mwamba, kwa cheti cha mtoto ukoo ni Kalonda, na kwa kadi ya UNHCR Esperance hana alama juu ya herufi. Chagua mpangilio mmoja, ule ulio kwenye karatasi zako za ukaazi, uutumie kila mahali, kisha orodhesha majina mengine yote kwenye swali linalouliza kama umewahi kutumia jina lingine. Tarehe za kuzaliwa za 1 Januari ni hivyohivyo. Kama tarehe ya kambini ilikadiriwa na cheti kinasema nyingine, andika ya cheti na ueleze tofauti kwa aya moja. Tofauti iliyoelezwa haimtishi afisa, anayoigundua mwenyewe ndiyo inayomtia shaka.

Kila fomu ijazwe na anayejua ukweli. Historia ya mwanao mwenye miaka 19, alikaa wapi mwezi gani, ulizwe yeye kwa simu, usibuni. Pengo la miezi mitatu bila anwani hurudisha fomu.

Hati za mtoto

Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza. Kongo, kuzaliwa kusipoandikishwa ndani ya siku 90 kunahitaji hukumu ya mahakama ya watoto ndipo cheti kitoke, na hukumu hiyo iambatanishwe na cheti. Kwa kuwa ziko kwa Kifaransa, hazihitaji tafsiri. Hati za Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda zinahitaji tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa pamoja na kiapo cha mtafsiri, na mtafsiri asiwe ndugu yako.

Ongeza unachoweza: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, ripoti za shule zenye jina la mzazi, uthibitisho wa usajili wa UNHCR, picha za zamani mkiwa pamoja. Halafu onyesha kwamba hukumwacha. Risiti za M-Pesa au Airtel Money zinazokwenda kwa mlezi kila mwezi, na picha za skrini za simu za WhatsApp zenye tarehe, zina uzito mkubwa. Chagua kumi au kumi na tano zilizotawanyika mwaka mzima. Kurasa mia mbili hakuna anayezisoma.

Picha za pasi za Kanada ni milimita 50 kwa 70, uso kati ya 31 na 36 kutoka kidevu hadi utosini, na mpiga picha wa kambini amezoea kipimo kingine. Mtumie vipimo kwa ujumbe kabla hajapiga.

Mzazi wa pili aliye hai lazima akubali kwa maandishi, kwa fomu IMM 5604 pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Amefariki: cheti cha kifo. Hajulikani alipo: kiapo chako, ushahidi wa juhudi za kumtafuta, na uamuzi wa mahakama unaokupa malezi. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana bila malipo, na barua yao kwamba ametafutwa hakuonekana inasaidia sana. Mtoto aliye peke yake kambini, au kwa mlezi asiye ndugu, aombewe UNHCR tathmini ya maslahi bora ya mtoto. Tathmini hiyo huchukua muda, kwa hiyo iombwe siku ileile ya kutuma fomu.

Usimhamishe mtoto kinyemela kutoka nchi moja kwenda nyingine ukidhani Nairobi ni karibu na viza. Akivuka bila karatasi anaacha usajili wake nyuma, anaweza kukamatwa, na baadaye atanyimwa kibali cha kutoka nchi aliyoingia. Ofisi ya Nairobi hushughulikia pia walio nchi jirani. Akilazimika kukimbia kwa sababu ya vita, na tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025 wengi wamelazimika, ajisajili haraka huko alikofika nawe uijulishe wizara anwani mpya wiki hiyohiyo.

Baada ya kutuma

Subira ni ndefu, mara nyingi zaidi ya mwaka. Kinachoua maombi kipindi hiki ni simu iliyobadilishwa. Weka barua pepe moja unayoifungua mwenyewe, isiwe ya kijana wa jirani, na uangalie pia sanduku la barua taka. Barua ya wizara kwa kawaida hutoa siku 30 za kujibu. Ukihitaji muda zaidi uombe kabla siku hizo hazijaisha.

Wakitaka DNA, watakuandikia. Usipime kabla, kwa sababu kipimo ulichojifanyia hakipokelewi. Maabara iwe iliyoidhinishwa na Baraza la Viwango la Kanada. Yenyewe ndiyo inayotuma vifaa kliniki ya huko, mtoto anapanguswa ndani ya shavu kwa pamba mbele ya shahidi, na matokeo yanakwenda moja kwa moja kwa wizara. Yanatakiwa kufikia asilimia 99.8. Gharama ni yako, anza kuweka akiba mapema. Mzazi mwenye shaka yoyote kuhusu nani baba wa mtoto aseme na mwanasheria kabla ya sampuli kuchukuliwa. Ni mazungumzo mazito, lakini yakifanyika mapema yanaokoa ombi.

Kuanzia miaka 14 mtoto hutoa alama za vidole, na familia za wakimbizi hazilipii. Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa tu. Picha ya kifua ni kuanzia miaka 11, damu ya VVU na kaswende kuanzia 15. Kivuli kwenye pafu kinamaanisha makohozi kuoteshwa kwa wiki nane hivi, na kifua kikuu kikithibitishwa anatibiwa kwanza ndipo asafiri. Anacheleweshwa tu, hanyimwi. VVU, ulemavu au kifafa pia havimzuii, kwa kuwa watoto wa wakimbizi hawahesabiwi gharama za matibabu yao. Hakuna sababu ya kuficha dawa anazotumia. Uchunguzi hudumu miezi 12, na viza kwa kawaida haipiti hapo.

Akiitwa kwenye usaili, mtoto aseme anachokijua. Ataulizwa anaishi na nani, alikuona lini mara ya mwisho, kaka zake ni akina nani. Mtoto aliyekaririshwa majibu huonekana ndani ya dakika tano.

Asiye na pasipoti anaweza kupewa na Kanada hati ya safari ya mara moja. Nchi aliyoko nayo lazima impe kibali cha kutoka: Tanzania kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani, Uganda kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, Kenya kupitia idara ya wakimbizi. IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hupanga tiketi, na mtoto mdogo hupewa wa kumsindikiza. Nauli inaweza kuwa mkopo wa serikali usio na riba ambao utaulipa polepole.

Huduma za UNHCR, IOM na fomu za Kanada haziuzwi. Anayedai dola mia tano "kusukuma faili" ni dalali. Asasi iliyokupokea mjini kwako inasaidia kujaza fomu bure, na mshauri wa kulipwa awe mwanasheria au aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji, ambacho kina orodha ya majina mtandaoni.

Ombi la mwaka mmoja likikataliwa, una siku 60 kwenda Mahakama ya Shirikisho kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada. Udhamini wa kawaida wa familia unakatiwa rufaa ndani ya siku 30. Mpigie mwanasheria siku barua inapofika, na umwombe achukue maelezo ya afisa kwenye kompyuta, kwa sababu barua yenyewe mara nyingi haisemi sababu halisi.

Aliyeomba hifadhi akiwa tayari ndani ya Kanada anawaweka watoto walio ng'ambo kwenye ombi lake mwenyewe la ukaazi wa kudumu, na umri wao unagandishwa siku alipoomba hifadhi. Aliyepitwa na mwaka lakini alimtaja mtoto anamdhamini kwa IMM 1344. Hahitaji kiwango cha mapato kwa mtoto asiye na mtoto, ila asiwe anapokea msaada wa jamii kwa sababu isiyokuwa ulemavu.

Viza ikitoka, mtoto asafiri kabla ya tarehe yake kuisha. Karatasi ya uthibitisho wa ukaazi, cheti halisi cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na dawa za miezi mitatu vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye sanduku. Ukimpokea, wiki hiyo mpeleke kuandikishwa kadi ya afya na shule, na umwongeze kwenye posho ya watoto kwa fomu RC66.